Immakulata Niyonsaba: Sanduku Halitafunguliwa

Marehemu Immakulata Niyonsaba alizaliwa Mabamba, wilayani Kibondo, tarehe 14 Agosti 1981, akiwa kitinda mimba wa marehemu mzee Kipriani na mama Uwimana. Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1996, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu mjini Kasulu.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na mitano. Kibandani alitundika pazia la kanga, na hata mtoto wa darasa la kwanza alipimwa sare nyuma ya pazia hilo. Tulimtania kwamba anapima malkia. Alicheka tu, akalivuta pazia.

Mwaka 2004 alifunga ndoa na Pasikali, wakajenga Heru Juu.

Mwezi Julai 2013 jirani mmoja alipenyeza simu kwenye ukuta wa nyasi wa bafu lao, akamrekodi akioga. Video ilifika mpaka kijiwe cha bodaboda. Marehemu alitaka kwenda polisi. Kikao cha ukoo kilikataa, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi ninayesoma hapa, kaka yake Makarius. Nilimwambia, "Nyamaza, Ima. Utatuaibisha." Aibu haikuwa yake. Mimi ndiye niliyemtwika. Tangu hapo alioga amevaa gauni.

Mwishoni mwa 2014 alipata uvimbe kwenye titi. Mama alimpigia magoti aende hospitali. Alijibu, "Nikivua nguo huko, nani yuko dirishani?" Alipokubali, mwezi Februari, daktari alisema tumechelewa. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 9 Machi 2015, saa nne asubuhi.

Siku mbili kabla aliniita. "Kaka, ulininyamazisha. Sasa wewe useme yote, mbele ya watu. Na wasipange mstari kunitazama. Hilo usininyime."

Kwa hiyo leo sanduku halitafunguliwa. Najua wengine mmetoka Kibondo tangu alfajiri mpate kumwona uso kwa mara ya mwisho. Mtusamehe. Na ninyi mlio na ile video, ifuteni sasa, kabla hamjashika udongo. Nawaomba jamani, nawasihi, sina kingine kilichobaki cha kumfanyia dada yangu.

Ameacha mama, mume, binti yake Mpawenimana mwenye miaka kumi, na mimi. Kanga iliyofunika sanduku ni lile pazia la kibandani. Anazikwa nalo.

Apumzike kwa amani, asitazamwe tena.