Aliyewasemea Mazimwi

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na binti wa marehemu, mtoto wake wa pili, ambaye anaomba radhi mapema, kwa kuwa karatasi ya kusoma aliyopewa jana na kaka yake mkubwa ameikunja na kuitia mkobani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Sauti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaishia hapo kwa hiari yake, maana sinema ilikwisha kumteka.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa kwenye ukumbi wa sinema kurudisha nyuma mikanda ya filamu, na kuanzia mwaka 1984, zilipoingia kanda za video, akawa anakaa mbele ya watazamaji na kipaza sauti, akiwafasiria kwa Kiswahili filamu za kutisha za pande zote za dunia, mijusi mirefu kama maghorofa, wanawake nyoka, maiti wanaotembea, wauaji wa visu. Kazi hiyo ilimtia kinyaa hadi anastaafu, kwani hata kuku akichinjwa aligeuka pembeni, akawa anaeleza ute na matumbo yaliyopasuliwa huku leso iko puani, na siku ya filamu hakutia kitu mdomoni mpaka arudi nyumbani. Ila alikuwa na tabia moja iliyomuudhi mwenye ukumbi: zimwi lilipokaribia kuuawa, hata kama kwenye filamu lilinguruma tu, yeye alilitilia maneno, likaomba litazamwe usoni kwanza, na watu wazima na ndevu zao wakatoka wakifuta machozi.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mkata tiketi wa ukumbi huohuo, wakajaliwa watoto watatu, naye mkewe akatangulia mwaka 2011.

Januari 2019 alitokwa na uvimbe kwenye taya la kushoto. Karatasi iliyokunjwa inasema aliugua kwa muda mfupi, akauguzwa nyumbani kwa upendo. Aliugua miaka minne na miezi mitano. Uvimbe ulipasuka, ukanuka, ukalivuta jicho chini, na sisi tuliosomeshwa kwa pesa ya mazimwi tukashindwa kumtazama, tukamhamishia chumba cha uani, wageni tukawaambia amesafiri, sahani yake tukaitia alama ya rangi nyekundu, na kitinda mimba wetu akawa anawatisha wanawe kwamba wasipolala, babu atakuja. Msomaji naye asijitoe, yeye alikuwa akiweka chakula mlangoni, amebana pua, anagonga, anaondoka mbio. Inachefua kuyasema haya, na ichefue. Marehemu hakulalamika, ila siku moja, aliposikia nyayo zinaondoka, alisema kwa sauti ileile ya ukumbini, mwanangu, nitazame kwanza. Msomaji hakurudi.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa jirani yetu, fundi cherehani.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, na wafanyakazi wenzake wa ukumbini. Zaidi tunamshukuru mama huyu fundi cherehani, aliyekuja kila siku, akamsafisha kidonda, akamnyoa upande uliobaki mzima, akala naye katika sahani ile yenye alama. Husemwa damu nzito kuliko maji, lakini damu yenyewe ilikimbia, na maji ndiyo yaliyomwosha.

Asubuhi hii mama huyu aliomba kumuaga, akajibiwa kwamba familia imeamua sanduku lisifunguliwe, watu wasije wakatishika. Watishike na nini, sisi tuliosukumana foleni ukumbini kutazama mabaya kuliko haya? Msomaji ameazima bisibisi kwa seremala. Sanduku litafunguliwa sasa hivi, mwenye kinyaa mlango uko wazi, atatangulia fundi cherehani, atafuata msomaji.

Pumzika kwa amani, Baba, tunakuja kukutazama.