Thurman Pawlak Anaondoka kwa Miguu Yake

Ijumaa hii, tarehe 24 Aprili, Thurman Pawlak anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kufa mbele ya kamera. Wenye ofisi wameniomba niandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyempaka rangi ya umauti tangu siku yake ya kwanza. Basi nitaandika ninavyojua, na asiyependa aandike yake.

Watazamaji wa tamthilia yetu, "Nanga Nyeusi", hawamjui kwa jina. Wanawajua wapelelezi wetu wa jeshi la majini, na wanamjua daktari wa maiti na miwani yake. Yule anayelala juu ya meza ya bati, shuka hadi kifuani, ndiye Thurman. Ameuawa akiwa kuruta, akiwa mpishi wa manowari, hata akiwa admeri. Amezama, amepigwa risasi, amelishwa sumu na mke asiye wake. Mke wake wa kweli, Bernadine, hajatazama hata kipindi kimoja. Nilimuuliza sababu, akasema, "Wewe ungetazama?"

Kazi ya maiti watu huidharau. Jaribu wewe kulala kwenye bati baridi, mwenzako anamwaga maneno kurasa mbili juu ya kitovu chako, na kifua kisipande. Thurman aliweza. Wageni walikuwa wakimgusa kwa kidole kuhakikisha. Nasi tulikuwa na desturi yetu: mwongozaji akisema kata, studio nzima inampigia maiti makofi. Wakati wa chakula tunamwacha hapohapo asinzie, maana kumfuta na kumpaka upya kunakula muda. Tulijiona watu wema.

Sasa naandika lile ambalo ofisi ilitaka niliruke. Katika msimu wa kumi na tano tulimpigia makofi mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama.

Mwongozaji alisema hajawahi kumwona mzuri namna ile. Watu wakatoka kwenda kula tamale za unga wa mahindi. Mimi nilibaki kwa sababu midomo yake ilinikera. Niliona buluu niliyompaka imezidi, na sipendi kazi chafu. Nikachukua kitambaa, nikafuta. Buluu ikaja kwenye kitambaa. Midomo ikabaki buluu.

"Thurman," nikamwita. "Acha ujinga. Fungua macho."

Darnell, msaidizi wa mwongozaji, alikuwa mlangoni. "Mwache alale, Bibi Ofelia."

"Huyu halali. Njoo hapa."

Gareth Lindqvist, mwigizaji wetu wa udaktari, akaja mbio na koti lake jeupe, kisha akasimama kama mti. "Mimi sijui kitu, bibi," akasema. "Mimi huambiwa tu cha kusema." Darnell akarukia ukutani, akachomoa mashine ya kushtua moyo, akaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha ubao na gundi. Chumba kizima kile ni cha uongo. Friji za maiti ni mbao, mikasi ni plastiki, simu haina waya. Nimepita vitani kwetu nikiwa msichana, lakini sijaogopa mahali kama nilivyokiogopa chumba kile, kimejaa vitu vya hospitali na hakuna hata kimoja cha kumsaidia mtu.

Aliyemwokoa ni Roscoe Tibbets, baharia mstaafu anayewafundisha waigizaji wetu kupiga saluti. Alimshusha sakafuni akamkandamiza kifua mpaka ubavu ukalia. Darnell alikimbia hadi langoni kuchukua mashine ya kweli. Gareth alimshika kichwa, analia. Thurman akarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi la kumtukana Roscoe.

Baada ya miezi mitano, huyo, kaja kazini.

"We mzee huna adabu," nikamwambia. "Umerudishwa, nawe unakuja kujilaza tena?"

"Nyumbani Bernadine ananikodolea macho kutwa kucha kuona kama napumua," akasema. "Huku angalau nalipwa nisipumue."

Tangu hapo makofi yalikwisha. Ikisemwa kata, hakuna anayenyanyua mguu mpaka Thurman aseme neno. Kwa kawaida alililaani lile bati. Siku moja alichelewesha kwa mzaha. Gareth alitoka nje kutapika, nami nikampiga maiti kofi la shavu, rangi yote ikaja kiganjani mwangu. Hakurudia.

Mwaka huu waandishi wetu, watu wenye moyo mwingi na akili kidogo, waliamua kumuaga kwa heshima. Azikwe kishujaa: bendera, mizinga, na jeneza lifungwe naye akiwa ndani. Walimweleza huku wakitabasamu. Akawashukuru. Kisha akaja kitini kwangu, akafumba macho nimpake, nikaona kope zinacheza.

"Ofelia," akasema, "nikiyafumba haya pale mezani, sijui kama ni mimi nitakayeyafumbua. Na sasa wanataka kunifungia kifuniko."

"Umewaambia?"

"Wamefurahi sana. Nitawaambiaje?"

Nikaenda mwenyewe, brashi mkononi. Sitaandika yote niliyosema, kwa kuwa karatasi hii itasomwa na wajukuu. Niliwauliza tu: jeneza likishafungwa, nani atajua kama anaigiza? Mkubwa wao akaufuta ukurasa.

Ndiyo maana wiki iliyopita Thurman alikuwa muuza kahawa kwenye lango la kambi. Anampa mpelelezi kikombe, anasema, "Angalia, ya moto hiyo," kisha anashika njia. Alipoketi kwangu nilibaki na brashi hewani. Mtu aliye hai huja na rangi yake. Sentensi yenyewe aliikosea, akaikosea tena, jua likahama, na katika studio hii yenye watu wa haraka hakuna aliyenung'unika. Kila akikosea alivuta pumzi kubwa aanze upya, nasi wote tuliitazama ikiingia na kutoka.

Mimi bado naogopa. Nikimkuta mtu kasinzia kwenye kochi namsukuma, anisamehe au asinisamehe.

Thurman, asante kwa kutuvumilia na ubaridi wetu. Bernadine, mchukue mzee wako, tumemtumia vya kutosha. Ishi sana, baba, na uishi kwa kelele: kohoa, koroma, gombana na majirani, ili kila apitaye dirishani kwenu ajue kuna mtu.

Ofelia Menjívar, chumba cha vipodozi