Niliondoa Chuma Nyuma ya Kiti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo ameni ni ya watu wenye usingizi. Bwana asifiwe tena! Ndiyo, sasa nimesikia. Aksanti. Muniruhusu nishike hii meza kidogo, maana mikono inatetemeka, na habari niliyowaletea leo ni habari ya mikono hii.

Mimi ni Ngabu, wa hapa mtaa wa Lumumba, Bunia. Kwa miaka mingi nilikuwa shofere wa njia ya Bunia, Iga Barrière, Mongbwalu. Nilibeba watu, mihogo, mbuzi, magodoro, nikabeba hata bibi arusi pamoja na shangazi zake wote wakigombana ndani. Mashimo ya ile njia niliyajua moja moja. Na nilikuwa mutu wa kelele! Nikipiga honi kule Iga, wauza ndizi walijua ni Ngabu amefika, wakaanza kukimbia na mabeseni yao.

Kisha ikafika ile asubuhi. Tulikuwa tumepita Iga, risasi zikatoka ndani ya majani, nyuma yetu. Sikuona mutu. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nilisimama mbele kabisa, penye askari, watu wakashuka wakilia na kujishikashika mwilini. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu hakushuka. Risasi ilipita ndani yake, ikaingia ndani ya kiti changu, ikabaki humo. Mimi sikuwa hata na mukwaruzo.

Ndugu zangu, tangu siku ile sikuendesha tena. Nilijaribu! Nikishika volan, usukani wenyewe, vidole vinakaza, vinakataa kufunguka, muke wangu Jeanne anavibandua kimoja kimoja. Mugongo unaniwasha pale pale risasi ilipolenga. Nilijaribu kwenda kama abiria tu, nikakaa kando ya shofere mwingine. Tulipofika kwenye baryeri, kile kizuizi cha askari cha kutokea Bunia, nikafungua mulango, nikashuka, nikatapika mbele ya watu. Mutu muzima! Wengine walicheka, na siwalaumu.

Na sasa sikieni shida yenyewe. Mama yangu, Mama Lotsove, alikuwa amebaki Mongbwalu. Magoti yake mabaya, majirani wake wanahama mumoja mumoja, habari za vita za kule zinafika kila siku na kila moja ni mbaya kuliko ya jana. Nilimupigia simu: Mama, fulani anashuka Bunia kesho, panda motokari yake. Akakataa. Nikamutafutia mwingine, muchungaji kabisa. Akakataa.

"Ngabu," akasema, "weye ndiye ulinileta huku. Weye ndiye utanitoa. Mimi sipandi motokari ya mutu mwingine."

"Mama, siwezi kuendesha."

"Basi iko vile. Nitangoja."

Akakata! Ee, mama yangu na kichwa chake! Nilikuwa ninakaa mulangoni na simu mukononi, mtandao ukipotea nasema wamekwisha kumuua, mtandao ukirudi naogopa kupiga. Jeanne alisema nimekuwa mutu wa kuhesabu ngurumo za malori. Ndivyo nilivyoishi.

Huyo Jeanne ana kaka, shemeji yangu Faustin, anauza vipuri vya motokari Kampala. Siku moja akanitumia masanduku juu ya lori lililopita mpaka wa Mahagi. Ndani yake mulikuwa motokari iliyovunjwa vipande! Siyo kwa ajali, hapana. Inatoka kiwandani hivyo, vipande vipande, na mwenyewe unaifunga nyumbani. Ni ya mashindano, viti viwili, haina paa, haina milango, shasi yake ni mabomba membamba yaliyoshonwa kwa moto, yaani kuchomelewa. Aliyeiagiza alishindwa kuifunga, ikabaki ndani ya depo, ghalani. Faustin akanipigia: "Shemeji, hii itakupa mikono kazi. Barabarani usiende nayo, itakufia kwenye shimo la kwanza. Ifunge tu."

Nikaita rafiki yangu Ukumu, mutu wa Mahagi, fundi wa motere, hizi injini, na wa kushona vyuma. Tukaifungia ndani ya lupango yangu, uani kwangu. Tukaitia motere ya Toyota ndogo, tukanyoosha magurudumu kwa uzi, tukasafisha kabureta mara nyingi mpaka Ukumu akasema sauti yake sasa imenyooka. Wanaume wanne tuliinua ile shasi kama kitanda! Watoto wa jirani waliuliza kama ni motokari ama ni beseni. Ndugu zangu, nilicheka. Jeanne alisimama na mwiko mukononi akiniangalia, maana alikuwa amesahau ninavyocheka.

Lakini munajua siye watu wa Bunia. Hapa motokari yoyote ikifika, hata ikiwa mupya, kwanza inapelekwa kwa mushonaji wa vyuma. Inaongezewa springi, inavikwa chuma chini ya tumbo, pembe zinashonwa tena. Tunasema kuipa nguvu. Siyo ujinga, barabara zetu zimetufundisha. Basi Ukumu akaangalia yale mabomba membamba, akatikisa kichwa.

"Hii haina nguvu," akasema. "Tuipe nguvu."

"Ndiyo," nikasema. "Na nyuma ya kiti weka tole. Ile nene."

Aliniangalia. Akakata bamba la chuma, zito, mutu mumoja hawezi kulibeba, akalishona nyuma ya kiti changu. Nikasema, na ubavuni. Akashona ubavuni. Nikasema, na upande ule mwingine. Akashona. Nikakaa ndani, nikaegemea, chuma kikanipiga baridi mugongoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mugongo ukatulia. Nililia machozi ya furaha. Nikafikiri, nimepona! Nikaenda hata kwa pasteri kumuambia nitatoa ushuhuda. Bwana ni mwema, hakuniruhusu kuutoa siku ile.

Nje ya muji kuna kiwanja kikubwa ambacho tajiri mumoja alikisawazisha ajenge depo, hakujenga. Vijana wa moto, hizi pikipiki, wamekipanga mapine, matairi yaliyokwisha, na mifuko ya muchanga, wanashindana pale Jumamosi mchana, wanakiita sirkwi. Tukaipeleka pale juu ya kamioneti. Nilivaa kaske kichwani, nikashika volan. Vidole vikakaza kama kawaida. Lakini nikaangalia: hakuna majani. Hakuna kona nisiyoiona. Njia inazunguka na kurudi pale pale alipo Ukumu, anakula karanga. Nikaondoka polepole kama mutu anayejifunza. Nikarudi. Nikaondoka tena.

Jumamosi ikifuata Jumamosi nikaongeza mwendo. Nikajiambia, nikiweza kuzunguka hapa bila kukaza vidole, siku moja nitachukua motokari ya jipu niende Mongbwalu kumutoa Mama. Hilo tu ndilo nililoomba. Lakini motokari haikunisikia! Nikikata kona, pua inaendelea mbele, muchanga unanijia usoni. Nikipiga freni, inasimama wakati imechoka, siyo wakati nimetaka. Siye tukafanya nini? Tukaipa nguvu tena! Springi ngumu zaidi, chuma kingine mbele. Ikawa inaruka ruka. Na kila iliporuka nilikaza vidole zaidi, na kila nilipokaza nilitaka chuma zaidi. Sikuona kwamba mimi na Ukumu tulikuwa tunazunguka vilevile.

Jumamosi moja nilikuwa nimetoka kuzungumza na Mama kwa simu. Alisema jirani wake wa mwisho amehama. Nikaendesha kwa hasira na hofu, mizunguko mingi bila kupumzika. Mwisho wa ule munyoosho murefu nikakanyaga freni. Pedali ikaingia mpaka chini. Hakuna kitu! Nikakanyaga tena, hakuna! Nikasema "Yesu!" na sikumaliza neno la pili. Nikapita kati ya mapine, nikaingia ndani ya mifuko ya muchanga.

Nilifungua macho, nikasikia Ukumu anakimbia na kuita jina langu. Nilikuwa muzima. Lakini sikuweza kugeuza kichwa, kulikuwa kitu karibu na shingo. Ukumu alipofika akashika kichwa. Lile bamba lilikuwa limeng'oka na mabomba yake, limekuja mbele, limepasua kiti juu ya bega langu. Pembe yake ilikuwa kando ya sikio. Kama ingekuja kidogo tu upande huu, ndugu zangu, leo munaimba nyimbo nyingine.

Ukumu akakaa chini kwenye vumbi. "Freni zilichemka," akasema. "Zimetengenezwa kwa motokari nyepesi. Siye tumezipa lori." Kisha huyu mwanaume mukubwa akaanza kulia.

Nyumbani nilimuambia Jeanne kila kitu. Nilifikiri atasema uza, tupa, choma. Akaniuliza jambo moja: "Ile siku ya Iga, nyuma yako kulikuwa chuma?"

"Hapana," nikasema. "Kulikuwa mutu."

Nilikuwa sijawahi kulisema. Nikalisema lote sasa: kwamba yule mama ndiye alinikinga, kwamba hakuniomba, kwamba sijui kwa nini yeye na siyo mimi. Hata leo sijui, na nitamuuliza Bwana mwenyewe nikifika. Jeanne alishika mikono yangu akaomba, na maombi yake yalikuwa mafupi sana. "Bwana, sikuombi umufiche. Ufungue tu hii mikono." Nikaitika ameni, na nilikuwa ninaogopa kuliko siku zote.

Tukatoa vyuma vyote. Tukarudisha springi zake laini, tukashona mabomba yaliyopasuka, tukafunga freni mupya alizotutumia Faustin. Ukumu alikuwa anatoa kila chuma kama anang'oa jino lake mwenyewe. Siku ya kurudi sirkwi nilikaa ndani, nikaegemea, na nyuma yangu kulikuwa upepo. Upepo tu! Mugongo ukawaka moto. Jasho likanitoka ndani ya kaske. Nikamuambia Ukumu nimeumwa tumbo. Akasema, "Zunguka kwanza, tumbo litangoja."

Nikaondoka. Kona ya kwanza nikageuza volan kwa nguvu zangu za zamani, motokari ikageuka mara moja, karibu inizungushe! Haikutaka nguvu. Nikakaza, ikayumba. Nikakaza tena, ikayumba tena. Nikapiga kelele, "Bwana, nikiachia nitakufa!" Na hapo, ndugu zangu, sikusikia sauti, sikuona mwanga, sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Vidole vilifunguka. Nilishika volan kama ninavyoshika mukono wa mutoto kuvuka barabara, na ile motokari ikaenda pale nilipoangalia. Mugongo bado uliwaka! Moyo bado ulipiga! Hofu ilikuwa pale pale. Lakini mikono ilikuwa yangu. Nikakanyaga freni, ikasimama mbele ya Ukumu, karanga zikamwagika.

Juma lile lile bosi wangu wa zamani wa kazi ya ushofere akaniazima jipu yake. Jeanne alitaka kuja, nikakataa, nikamuachia watoto. Kwenye baryeri nilisimama, nikataka kushuka, nikaomba, nikapita. Iga nikapita bila honi. Pale mahali pa ile asubuhi mugongo uliniuma kweli kweli, nikaimba kwa sauti mbaya, nikapita.

Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba na furushi lake limefungwa. Limefungwa siku nyingi, vumbi lilikuwa juu yake. Nikamuambia akae mbele, kando yangu. Akakataa, ati mbele kunamupa kizunguzungu. Akapanda nyuma. Akakaa nyuma yangu kabisa, pale pale.

Ndugu zangu, nilisimama kando ya ule mulango. Nilitaka kumulilia ashuke. Nilitaka chuma, nilitaka mabamba yote ya Bunia niyapange nyuma yake. Sikuwa na kitu. Nikasema, "Bwana, huyu ni wako," nikaingia, nikaondoka. Nilikuwa ninaomba kwenye kila kona, na yeye kwenye kila kona alikuwa ananigombeza. "Ngabu, kimbia kidogo! Tutalala njiani?"

Tulipoona nyumba za Bunia nilisimama kando ya njia, nikalia. Mama akaweka mukono begani mwangu, kutoka nyuma. Nikamuuliza: Mama, kwa nini ulikataa wale wengine? Ungeuawa kule!

"Ningepanda ya mutu mwingine," akasema, "mimi ningefika. Weye je? Weye ungetoka lini ndani ya ile nyumba yako?"

Ndugu zangu! Mimi nilifikiri ninamungoja Mungu anipe nguvu nimuokoe mama. Kumbe mama wa magoti mabaya alikuwa amekaa juu ya furushi, peke yake, ananingoja mimi.

Aksanti kwa Bwana, aksanti kwa Jeanne, aksanti kwa Ukumu. Na weye unayetetemeka mahali ulipokaa, ninakujua, mimi ni weye. Usingoje hofu iishe ndipo umuamini Bwana. Muamini ukitetemeka. Nenda naye ukitetemeka, maana kuna mutu amefunga furushi anakungoja.

Mama, simama kidogo watu wakuone. Simama tu, nitakushika.