Chupa Thelathini na Moja za Doña Tránsito

Kwanza naomba radhi. Maneno haya yalitakiwa yasomwe tarehe 30 Juni, siku doña Tránsito Potosme alipostaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la kituo chetu cha samaki, hapa Ziwa Ocoyapa. Leo ni katikati ya Agosti. Binti yangu Keyling anaota meno na hataki mtu apumzike, lakini hiyo ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba sikutaka kumsifu doña Tránsito kwa jambo ambalo bado tulikuwa hatujajua kama ni kweli. Sasa tunajua, imebaki chupa moja tu.

Aliajiriwa Februari 1994 kuwa mpishi. Mkataba wake ulitaja kupika, kuosha vyombo, na kupara samaki wakishapimwa. Kuwachambua hakumo. Hiyo alijiongezea mwenyewe.

Siku zile Profesa Heberto Arana, mkuu wetu, aliamini kama wote kwamba mojarra wa ziwa hili ni samaki wa aina moja, wengine wanene, wengine wembamba, kama watoto wa mama mmoja. Siku moja alimpelekea mpishi mpya samaki arobaini wa kukaanga. Aliporudi kula akakuta vikaango viwili motoni.

“Nani kakuruhusu kunichanganyia samaki wangu?”

“Nimechanganya au nimechambua, Profesa? Hao wembamba ukiwapa moto wa hawa wanene, utakula kuni.”

“Lakini doña, hawa wote ni samaki mmoja.”

“Basi mwite huyo mmoja, tuone kama watakuja wote.”

Kisha akampasulia makoo ya samaki, ajionee vitaya vya ndani. Hapa Ocoyapa mtoto akianza kuota meno, mama yake humfunga mkononi kitaya kinachotoka ndani ya koo la mojarra. Si kitaya chochote. Lazima kiwe na magego, cha yule mnene wa kwenye mawe anayesaga konokono. Ukimfunga mwanao kitaya cha yule mwembamba wa katikati ya ziwa, ambacho meno yake ni kama ya kitana, wanawake watakucheka kuwa mtoto ataota nywele mdomoni. Kwa hiyo kila mama wa hapa alijua tangu zamani kuwa makoo ni mawili. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Profesa alisahau kula. Wali na maharage vilipoa mbele yake huku akipanga vitaya ukingoni mwa sahani.

Tangu hapo, kila Novemba, doña Tránsito alitoa vitaya mia moja, akavigawa mafungu matatu, akavitia katika vifuko vya kitambaa ndani ya chupa tupu ya kahawa. Chupa moja kila mwaka. Fungu la kwanza magego, la pili kitana. La tatu, wale ambao meno yao hayako huku wala kule, aliliandikia “Si chicha si limau,” yaani si kinywaji cha mahindi wala maji ya limau, kama tunavyosema juu ya mtu asiyejulikana yuko upande gani. Kwenye ripoti Profesa huandika “wa kati.” Kwenye vifuko chicha imebaki chicha.

Tetemeko lilipotupata, alitoa chupa kwanza, ndani ya beseni la kufulia, akarudi kutafuta sufuria paa likiwa limeshaanguka. Siku tatu tulikula maparachichi na chumvi. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kwa nini chupa zilikuwa na thamani hivyo? Ziwa letu ni shimo la volkano, mto hauingii wala hautoki. Zamani sana walifika samaki wachache, sijui kwa kimbunga, sijui kwa ndoo ya mtu. Wajukuu wao wakakuta vyakula viwili. Mwenye magego alishiba kwenye mawe, mwenye kitana alishiba majini katikati. Wa kati alipata shida pande zote, konokono hawavunjiki na vijidudu vinamponyoka, na asiyeshiba hazai sana. Tena kila mmoja hutafuta mwenzi pale anapokula. “Unayekula naye ndiye utakayeoana naye,” doña Tránsito alikuwa akisema, akimtazama mwanafunzi fulani na mwenzake mpaka wanahamia meza tofauti. Vizazi vikipita ndugu wanakuwa majirani, majirani wanakuwa wageni, na mwisho hawaoani tena. Hapo pamezaliwa spishi mpya.

Na chupa zilionyesha hilo likitokea. Mwaka 1994 wa kati walikuwa kumi na wanne katika mia. Mwaka jana, watatu.

Kisha Aprili, kwenye kikao, mgeni mmoja aliuliza kwa adabu kama ni samaki waliobadilika au ni macho ya mpishi. Mkono uliochambua ni mmoja miaka yote. Huenda alipokuwa na miaka thelathini na minne alisitasita, na kwenye sitini na mitano hasiti tena. Doña Tránsito alijifuta mikono kwenye aproni.

“Swali zuri. Kama ni macho yangu, basi miaka yote hii tumepima uzee wangu, siyo samaki. Mpeni huyu azichambue upya, asione alama zangu.”

Huyu nilikuwa mimi, Keyling kiunoni.

“Doña, mimi nitakosea.”

“Kosea, mwanangu. Lakini kosea mwenyewe, usikosee kwa macho yangu.”

Basi Profesa alinimwagia vitaya kwenye sinia, chupa moja moja, bila mpangilio, mwaka kauficha. Nilichambua Keyling akilala kwenye boksi la mafuta ya kupikia. Doña Tránsito aliondoka kwenda Rivas kwa mwanawe bila kuniuliza lolote. Kila akipiga simu swali lilikuwa moja: “Meno mangapi?” Mara ya kwanza nikaanza kumweleza ya samaki. “Ya mtoto, we!” alinikaripia.

Jumanne iliyopita Profesa aliweka hesabu zetu pamoja. Jicho langu ni laini kuliko lake, karibu kila chupa nimehesabu wa kati wengi kidogo kuliko yeye. Pale alipopata kumi na wanne, nimepata kumi na saba. Pale watatu, wanne. Lakini hesabu zote mbili zinateremka mlima uleule. Ingekuwa ni mkono wake uliobadilika, mimi ningewakuta wa kati wengi mwishoni kama mwanzoni. Ni samaki. Wanaachana, na yeye amewaona wakiachana, kutoka jikoni.

Profesa akanisogezea simu. “Mpigie.”

“Kwa hiyo sikuzeeka?” doña Tránsito aliuliza.

“Umezeeka, doña,” nilimjibu. “Ila samaki hawakukusubiri.”

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza meno mangapi.

Doña Tránsito, kwa niaba ya kituo kizima, ahsante kwa vikaango viwili. Rivas ikutunze, mwanao asikuache uoshe vyombo, na usingizi wako uwe mrefu kuliko wangu. Novemba sinia litakuwa mbele yangu, na nitachambua kwa macho yangu.

Kwa basi la Jumamosi naomba unitumie haya. Chupa ya mwaka 1999, ambayo baada ya tetemeko uliificha nyuma ya viungo na nadhani umeondoka nayo pamoja navyo. Nimechambua thelathini, ni hiyo tu imebaki. Usiniambie hesabu yake. Kisu kile kifupi cha makoo. Kioo cha kukuzia chenye uzi mwekundu. Na kitaya kimoja cha magego, kisitoke kwenye chupa, kitoke kwenye bangili ya mwanao ya utotoni ambayo najua bado unayo. Meno ya juu yameanza.