Nodi ya Madungu

Ndani ya boti ya kwenda kisiwa cha Makoongwe, Bi Mize alipakata kapu lake la mikate na kutega masikio kwa wawili waliokaa mbele yake. Walikuwa wamejuana pale pale gatini Mkoani, walipogundua kuwa kila mmoja anaendesha nodi, yaani kompyuta inayotunza na kuhakiki nakala ya miamala yote ya mtandao wa blokcheni, ambamo miamala hufungwa katika mafungu yaitwayo bloki na kuungwa kama mnyororo. Bi Mize alizoea watu kuulizana ukoo kwanza. Hawa waliulizana toleo la programu.

“Kanuni za mtandao zilipobadilishwa, mie sikusasisha programu,” alisema Yumna, binti wa Madungu. “Nilizisoma zote, sikuziridhia.”

“Basi nodi yako inazikataa bloki zetu mpya,” alisema mwenzake, Qais. “Mtandao umegawanyika na wengi tuko huku. Weye umebaki kwenye mnyororo wa zamani na watu wachache.”

“Wachache, lakini tupo. Hakuna aliyeweza kunibadilishia kanuni ndani ya nyumba yangu bila ridhaa yangu. Ndiyo maana nikaiwasha nodi hii.”

“Na hao wachache wakizima zao?”

“Itabaki yangu.”

Bi Mize hakuzijua hizo bloki, ila aliijua sauti ya mtu asiyeomba radhi. Alijikuta amekaa wima, kana kwamba aliyesema maneno hayo ni yeye.

“Nodi moja si mtandao, dada,” alisema Qais kwa upole.

Yumna alitaka kumjibu, lakini boti ikagusa mchanga. Akavua viatu, akapandisha buibui lake kidogo, akawa wa kwanza kuteremka majini.