Flora Dunbar na Kengele Anayoidai Thwaite

Marehemu Flora Dunbar, meli ya abiria tunayemuaga leo hapa gatini Hobart kabla hajavutwa kwenda kuzamishwa, alizaliwa Dumbarton, Uskoti, tarehe 9 Mei 1874.

Masomo aliyapata baharini, akija Australia. Alifika dohani limepinda, lakini abiria wote wazima.

Kazi yake ilikuwa kusafirisha watu kati ya Hobart na Melbourne. Mimi, Jean Moncur, nilihudumu vyumbani. Kaka yangu Alec alichochea makaa. Watoto wetu tuliwabatizia ndani ya kengele yake, imegeuzwa na kujazwa maji, kisha kila jina likachongwa humo ndani.

Mwaka 1903 aliolewa na Bwana Ambrose Thwaite, yaani alinunuliwa. Ndoa gani ile! Mume alimpaka rangi usoni, tumboni akamwacha aoze. Hata hivyo binti wa Thwaite, Winifred, tulimbatizia kwenye kengele ileile. Mtoto akamkojolea kasisi, tukacheka sote, Thwaite naye.

Boila, tangi lake la kuchemshia maji ya mvuke, ilianza kuvuja mwaka 1909. Alec alimfuata mwenye meli.

"Bosi, huyu bibi anaumwa. Tukimpeleka hivi atatuua."

"Moncur, maneno mengi! Tia makaa!"

Nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu. Tarehe 3 Juni 1910 boila ilipasuka, mvuke ukamuunguza Alec, akafa. Na bwana huyu, mnamwona pale mbele na kofia yake, alimwambia hakimu kwamba Alec alikuwa amelewa. Alec! Mtu ambaye hata Krismasi alikunywa chai! Hakimu akamwamini mwenye kofia. Marehemu Flora naye hakupona tena, hadi leo, tarehe 14 Machi 1911.

Ameacha mabaharia wake, mimi, na kengele. Thwaite ameidai kengele akaitundike sebuleni, kwa ajili ya jina la mwanawe. Haya, bwana, ichukue, ni mali yako. Ila tumeongeza maneno, yamelizunguka jina la Winifred, yamebanana nalo. Ukiyakwangua, unamkwangua na mwanao. Tumeandika: "Alec Moncur hakulewa. Thwaite aliambiwa."

Winifred sasa anajua kusoma. Atakuuliza.

Flora, mama yetu, pumzika kwa amani. Wewe Thwaite, usipumzike.