Mama Perpétue na Ulimi wa Mto Rwizi

Tarehe 30 Oktoba 2015 Mama Perpétue Irakiza anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha maji hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka kumi na saba. Wengi wenu mnamjua kama yule mama mwenye kofia pana anayesimama kando ya ziwa akiyatazama maji kama anayemngoja mgeni. Sisi tuliofanya kazi naye tunajua alikuwa akimngoja nani.

Alizaliwa Uvira, Kivu Kusini. Alisomea mambo ya maji, kisha akaajiriwa katika maabara ndogo karibu na mahali ambapo mto Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika. Vita vya 1996 vilimtoa huko pamoja na mumewe, Mzee Grégoire. Walipopewa shamba Juru, humu humu Nakivale, wakalima maharage, mpaka kituo kilipotangaza nafasi mwaka 1998. Kwenye usaili aliulizwa ni kitu gani anachokiogopa katika kazi hii. Akajibu, "Maji yenye kuonekana safi." Wakacheka, wakamwajiri.

Taabu yetu kubwa ilikuwa mto Rwizi. Mvua ikinyesha kuanzia juu ya mji wa Mbarara, mto huo hubeba udongo wa mashamba na uchafu wa mji, ukaumwaga ziwani. Maji hayo ya kahawia hayachanganyiki mara moja. Hujinyoosha ziwani kama ulimi. Ziwa likiwa tulivu, ulimi huelea juu, mwembamba, ukafika mbali. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, huusukuma na kuubana ufukweni, hadi kwenye mdomo wa bomba letu.

Mwaka 2006 Mhandisi Rutayisire wa Mbarara alipendekeza bomba lishushwe chini zaidi, tuvute maji yaliyo chini ya ulimi. Mama Perpétue alikubali kwa furaha, na kwa miezi kadhaa mambo yakawa mazuri. Kisha ukaja msimu wa mawimbi. Ziwa letu halina kina kirefu, na mawimbi yaliukoroga ulimi mpaka chini kabisa. Vichujio vikaziba, dawa ikashindwa na matope, na watoto wa vijiji viwili wakaharisha vibaya. Namshukuru Mungu kwamba wote walipona. Mama Perpétue aliwatembelea nyumba kwa nyumba, na kwenye mkutano wa wazazi akasimama kando ya mhandisi. "Tulifikiria upepo, tukasahau mawimbi," alisema. "Kosa ni letu sisi wawili."

Msimu ule wote walikuwa kwenye mtumbwi. Walitupa vipande vya mgomba majini waone vinakoelekea, wakateremsha chupa kwa kamba ili kupima matope ya juu na ya chini. Rutayisire, Mnyankole wa jamii ya wafugaji asiyejua kuogelea, alishikilia mtumbwi kwa mikono miwili akimlalamikia kwa kumwita bibi kwa lugha ya kwao, "Nyabo, mimi ni mutu ya ng'ombe, si mutu ya samaki!" Walirudi na jibu ambalo halikumfurahisha yeyote: hakuna mahali pa kuweka bomba ambapo patakuwa salama siku zote. Ilibidi tuchague saa. Tujaze matangi ziwa likiwa limetulia na ulimi ukielea juu ya bomba, na tufunge pampu kabla upepo haujaufikisha ulimi kwetu.

Utaratibu huo ulipata mtihani wake mwaka 2012, eneo letu la Kabazana lilipofurika wageni waliokimbia vita. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Mama Perpétue aliona ng'ambo maji yameanza kukunjamana, dalili kwamba upepo unakuja. Akaamuru pampu zifungwe, watu wagawiwe maji ya tangi tu. Saa zikapita na jua likawaka. Mbele yetu ziwa lilikuwa jeupe kama sahani. Watu wakajaa langoni na jerikani tupu, na mama mmoja aitwaye Yvette, aliyekuwa amefika juzi tu, akapaza sauti: "Siye tulikimbia vita, tukalala mu njia, na leo munatunyima maji? Batoto beko na kiu!"

Mama Perpétue akamwendea. "Hatubanyime, mama yangu. Ya tangi mutapata bote, kidogo kidogo. Ya ziwa, leo hapana."

Bosi mmoja akapiga simu kutaka pampu ziwashwe. Akakataa kwa upole. Alipokata simu nilikuwa karibu naye. "Parfait," aliniambia kwa sauti ndogo, "nikiwa nimekosea, nimebatesa watu bure."

Alasiri upepo ukavuka. Kwanza mawimbi madogo, kisha makubwa, kisha maji mbele ya bomba yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Yvette aliyatazama, akaweka jerikani yake chini, akawapanga wenzake mstari. Maji ya tangi yaliwatosha mpaka ziwa lilipotulia, na Kabazana haikupata ugonjwa.

Mama Perpétue hakushangilia. Alikaa kwenye ngazi ya pampu, akavua kofia, akalia kidogo, kisha akaomba chai.

Sasa anarudi Juru kwa Mzee Grégoire na maharage yao. Mama, asante kwa maji tuliyokunywa bila hofu, na kwa yale uliyotukataza tusiyanywe. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Upepo ukitikisa mabati yako, geuka upande wa pili ulale. Ni zamu yetu kuamka.

Parfait Munyakazi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako